Rodah wa Tiketi

Rodah hajawahi kupanda ndege. Uwanja wa ndege anaoujua ni ule wa Nairobi, na hata huo aliishia mlangoni, miaka minane iliyopita, alipomsindikiza mwanawe Kipkurui kwenda Amerika kusoma. Lakini muulize njia za kutoka Nairobi hadi Minneapolis, atakupa tano kabla hujapata pa kuketi. Kuna ya Doha, kuna ya Istanbul, kuna ya Addis ambayo ni nafuu ila itakulaza kwenye viti vya uwanja, na kuna mbili za Ulaya ambazo lazima uangalie kama utahitaji viza ya kupita tu. Atakuambia mwezi wa saba na wa kumi na mbili usiguse. Atakuambia pia kwamba tiketi ya kwenda na kurudi wakati mwingine huwa rahisi kuliko ya kwenda peke yake, na usimuulize sababu, maana yeye mwenyewe aliiuliza mpaka akachoka.

Watu wa Silibwet, kijijini kwake Bomet, ndio waliompa jina hilo, Rodah wa Tiketi. Humfuata shambani akiwa katikati ya michai, kikapu mgongoni. "Mama, binti yangu ameitwa kazi Qatar." Rodah hufuta utomvu wa majani kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akavaa miwani yake ya kamba. Hachukui pesa za mtu. Ukimletea sukari, anapokea. Mwaka jana mhadhiri mmoja wa chuo kikuu cha Kabianga, Otiende, alikuja amevaa tai akamwonyesha tiketi ya Ujerumani aliyotaka kuilipia. Rodah aliisoma polepole, akamwambia hiyo si tiketi moja bali ni mbili zilizoshonwa pamoja, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haimngoji, na tena begi halimo. Mhadhiri alibaki ameshika tai yake kama mtu aliyekabwa. Na aliyemwambia hayo ni mama wa miaka sitini na mbili, mwenye ng'ombe watatu na ekari moja na nusu ya chai, aliyeachia masomo darasa la saba.

Hakuanza kwa sababu ya kupenda ndege. Alianza kwa sababu alitaka mtoto wake.

Kipkurui aliondoka kwa harambee ya kanisa. Kuna waliotoa maelfu, na kuna bibi mmoja aliyeleta kuku. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Jumapili, akasimulia theluji na vyakula visivyo na chumvi. Mwaka wa tatu Rodah alimuuliza atakuja lini kuwaona. "Tiketi iko juu, Mama," alisema. "Nangoja ishuke." Mwaka wa nne ikawa hivyo hivyo. Ndipo Rodah aliposhuka sokoni, akaingia kwenye saiba ya Metrine, duka la intaneti.

Metrine ni mwenyeji wa Vihiga. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na mashine za kuchuma zilipokuja na kazi ikaisha, wawili hao wakahamia Silibwet na kompyuta tatu za mitumba. "Nataka kujua hiyo tiketi iko juu kiasi gani," Rodah alimwambia. "Kama ni juu ya mti, nitapanda. Kama ni juu ya mlima, nitajua." Metrine alicheka, akamfungulia tovuti inayopanga bei za ndege zote kama mboga kwenye meza. Rodah alishika dawati. Bei ilimshtua, lakini kilichomshtua zaidi ni kwamba ilibadilika mbele ya macho yake, ikapanda elfu nne wakati Metrine anaenda kuzima birika. Kitu kinachobadilika hivyo, aliwaza, siku moja kitashuka. Alinunua simu ya kugusa kwa pesa za maziwa.

Kisha miaka miwili iliyopita mumewe, Mzee Kipruto, alianguka kwenye kituo cha kupimia chai, na alikufa kabla ya gari kupatikana. Siku tatu za matanga Rodah aliwaacha wageni sebuleni mara kwa mara, akaingia chumbani kutafuta tiketi. Bei za ghafla hazina huruma. Ya chini kabisa ilikuwa zaidi ya thamani ya ng'ombe wake wawili. Kipkurui alilia kwenye simu mpaka maneno yakapotea. "Siwezi, Mama. Siwezi kufika." Siku ya mazishi Metrine alisimama kando ya kaburi ameinua simu kwa mikono miwili, na uso wa kijana ukawa pale ndani ya kioo, mdogo kama stempu, ukitazama udongo ukimwagwa.

Tangu hapo Rodah akawa anaamka, anakamua, anapeleka maziwa barabarani kwa mwenye pikipiki anayeyafikisha Sotik, halafu anaangalia bei za kutoka Minneapolis. Kila asubuhi. Watu husema anafungua simu kama wengine wanavyofungua Biblia, naye hakatai.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, wiki moja baada ya bonasi ya chai kuingia, alifungua akakuta shilingi 17,400.

Aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa. 17,400. Kutoka Minneapolis hadi Nairobi na kurudi, mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mabegi mawili ndani. Bei aliyoizoea ilikuwa laki moja na sabini, ikishuka sana laki na nusu. Hii ilikuwa pungufu ya bei ya ndama. Maziwa aliyaacha hapo hapo kwenye mtungi, akateremka sokoni na gambuti zake za zizini, karibu anakimbia, mpaka kwa Metrine. Alimpa tu simu.

Metrine alitazama. Akaketi. Akafungua kompyuta, akaitafuta upya yeye mwenyewe.

"Mama Kipkurui, hii ni makosa," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu huko amesahau sifuri."

"Makosa ni yangu?"

"Si yako. Ni ya wenye ndege."

"Basi lipa kabla hawajakumbuka."

"Hatujamuuliza mwenyewe kama tarehe inamfaa."

"Kule sasa ni usiku wa manane," Rodah alisema. "Na mtu aliyesahau sifuri anaweza kukumbuka wakati wowote. Lipa."

Metrine alikuwa na kadi ya benki. Rodah alimtumia pesa kwa simu, kisha akamsomea jina la mwanawe herufi kwa herufi kutoka kwenye nakala ya pasipoti aliyoiweka miaka yote ndani ya bahasha moja na cheti cha ubatizo. Kompyuta ilizungusha kale kaduara kake. Halafu nambari ya tiketi ikatokea, na Rodah akainakili nyuma ya bahasha.

"Usimwambie bado," Metrine alimwonya. "Wakigundua wanaweza kuifuta, wakurudishie pesa. Ngoja tuone."

Siku mbili hizo Rodah hakulala vizuri wala hakula vizuri. Jumamosi adhuhuri Metrine alipanda kilima mwenyewe kuja kumpata. Barua ilikuwa imefika kutoka kwa shirika la ndege. Walikiri kwamba bei ilitangazwa kimakosa, lakini walionunua watasafirishwa. Tiketi ni halali. Rodah aliketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, mikono kichwani, na Metrine alidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa ameshindwa kuamini kwamba kitu alichokitafuta miaka mitano kimemjia kwa sababu ya kidole cha mtu kilichoteleza.

Jumapili, saa kumi jioni, alipiga. Saa kumi huku ni saa mbili asubuhi kule, na hiyo ndiyo saa yao. Kipkurui alionekana, amevaa jaketi lake zito la baridi, ukuta mweupe nyuma yake.

"Mama. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani ni kuzuri. Kipkurui, nimekununulia tiketi."

"Tiketi gani?"

"Ya kuja. Na ya kurudi. Tarehe ishirini na saba mwezi ujao, unapitia Doha. Bei imeanguka, mwanangu. Imeanguka kama jiwe, nami nilikuwa chini yake nikaidaka."

Hakucheka. "Mama, umelipa?"

"Nimelipa."

"Inaweza kurudishwa?"

"Hairudishwi. Kwa nini irudishwe?"

Uso wake ulitulia kwenye kioo. Rodah alidhani mtandao umekwama, akainua simu juu, akaisogeza dirishani. Lakini aliona jicho la mwanawe likipepesa. Mtandao haukuwa na neno.

"Mama," Kipkurui alisema, "hiyo ndege inaondoka mahali ambapo mimi siko."

"Umehamia mji mwingine? Hiyo si shida. Kama ni Chicago kuna basi, nitaangalia..."

"Niko Nairobi."

Moyo wa Rodah ulipaa. Alifikiri amekuja kumshtukiza, kama watoto wa watu wengine wanavyofanya Krismasi. "Umefika lini?"

"Miaka mitatu, Mama. Itatimia minne mwezi wa nne."

Rodah baadaye alisema kwamba aliyasikia maneno hayo vizuri, moja moja, lakini yalikuwa kama maneno ya lugha nyingine. Kilichomjia akilini kwanza hakikuwa uchungu. Kilikuwa nauli. Kutoka Nairobi hadi Bomet kwa gari ni pungufu ya gunia la chakula cha ng'ombe. Saa tano, ukisimama Narok kunywa chai. Alikuwa amepita juu ya bahari mbili kila asubuhi akimtafuta mtu aliye saa tano barabarani.

Kisha hesabu ya pili ikafika, polepole, ikiwa na uzito.

"Baba yako tulimzika mwaka juzi."

"Najua, Mama."

"Metrine alishika simu."

"Najua."

"Ulikuwa wapi?"

Kijana alifunika uso kwa mkono. Jibu lilitoka nyuma ya vidole. "Narok. Nilikuwa nakuja. Gari iliposimama Narok nilishuka, miguu ikakataa kupanda tena. Nilichukua chumba cha kulala wageni. Niliona mazishi nikiwa kitandani hapo."

Rodah aliiweka simu mezani, kioo chini. Aliisikia sauti ikiita "Mama, Mama" kutoka kwenye mbao za meza. Alitoka nje akasimama uani. Jirani yake aliyekuwa akipita na kuni alimsalimu, na Rodah akamwitikia vizuri kabisa, akamuuliza hali ya mguu wake. Mpaka leo jirani huyo hashawishiki kwamba siku ile kulikuwa na jambo.

Kipkurui alikuja Jumanne. Alishuka kwenye pikipiki mchana, begi moja mgongoni, mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye kioo. Rodah alikuwa anachuma. Alimwona tangu kule chini kwenye lango, na hakusimama. Alimaliza mstari wake wa michai mpaka mwisho, jani kwa jani, mikono ikifanya kazi peke yake. Alipofika mwisho alikuta kijana amesimama pale, kichwa chini.

"Nenda kwanza kwa baba yako," alimwambia.

Kipkurui alienda kwenye kaburi kando ya migomba. Alikaa huko muda mrefu. Rodah alipomfuata alimkuta anang'oa magugu kwa mikono, na hapo, wakiwa wameketi pande mbili za kaburi, alimsikiliza. Ada ilimshinda mwaka wa pili. Akaacha chuo, akafanya kazi ghala la kupakia mizigo, makaratasi yake yakaisha muda. Siku moja maafisa wa uhamiaji walisimamisha gari alimokuwa na wenzake. Wiki saba kizuizini, kisha ndege ya kurudishwa. Alipotua Nairobi alipanga kuja nyumbani siku ile ile. Akawaza harambee. Akawaza yule bibi na kuku wake. Akaamua apate kwanza kazi, apate kwanza pesa, aje na kitu mkononi. Alipata chumba Eastleigh na kazi ya kuendesha teksi ya mtu, na wiki zikawa miezi, na kila mwezi ulivyopita ndivyo kurudi kulivyozidi kuwa mbali. Namba ya simu ya Amerika ilibaki kwenye wasapu. Jaketi lile alilinunua soko la mitumba la Gikomba, akawa analivaa Jumapili tu, jasho likimtiririka, kwa ajili ya simu ya mama yake.

Rodah alikumbuka. Mara mbili tatu alikuwa amesikia adhana kwenye simu, akauliza, naye akamjibu kwamba Wasomali ni wengi Minneapolis. Na ni kweli, ni wengi. Pesa ndogo alizotuma zilikuja kwa jina la rafiki wa Nairobi, eti kukwepa makato ya kutuma kutoka nje. Rodah aliyeweza kuona shimo kwenye tiketi ya mhadhiri hakuona hili. Hilo ndilo lililomwuma hata kuliko uongo wenyewe, na alimwambia hivyo.

"Ningekupokea na mikono mitupu," alisema. "Ulikuwa unajua hivyo."

"Nilikuwa najua."

"Basi kwa nini?"

Kijana aling'oa gugu jingine, na Rodah hakuuliza tena.

Wiki hiyo hawakuzungumza sana. Alimpikia, akamwekea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, mezani, akatoka. Kipkurui aliamka kabla yake kukamua. Ng'ombe mmoja aliyezoea mkono wa Rodah alimpiga teke, na Rodah, akisikia ndoo ikianguka, alibaki jikoni.

Jumapili walienda kanisani pamoja. Watu waligeuka mmoja mmoja kama majani upepo unapopita. Baada ya mahubiri Kipkurui aliomba kusema, akasimama mbele, akayasema yote bila kuyapamba, hata ya Narok. Nyuma kabisa Mzee Onyancha, anayeleta nguo za mitumba kutoka Nairobi, aliinuka pole pole.

"Mimi nilimwona huyu mwaka jana, Eastleigh, ndani ya teksi," alisema. "Nilimwita kwa jina, akapandisha kioo. Nikajiambia macho yangu yamezeeka. Nilienda hadi kwa daktari wa macho."

Kuna waliocheka, wakajizuia. Kisha yule bibi wa kuku, ambaye sasa hatembei bila fimbo, aliuliza kutoka kwenye kiti chake: "Kwa hivyo ulisoma au hukusoma?"

"Mwaka mmoja na nusu, Kogo," alisema, kama mabibi wanavyoitwa huko.

"Na hiyo nusu ni ya nini?"

"Ya uhasibu."

Bibi alitafakari. "Njoo nyumbani kesho. Mwanangu hajui chama chetu cha maziwa kinatukata pesa namna gani." Kisha akamwambia mchungaji aendelee.

Si wote walikuwa wepesi hivyo. Wapo ambao mpaka leo hawamsalimu Kipkurui, na wapo waliomwambia Rodah usoni kwamba alijua. Hilo lilimshtua upya. Alikuwa ametayarisha moyo kwa huruma na kwa kicheko, si kwa hilo. Metrine ndiye aliyewajibu, katikati ya soko, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza nyanya: aliyelipia tiketi ya mtu aliye Nairobi ili atoke Amerika, alijua nini?

Tiketi yenyewe haikuweza kupewa mtu mwingine, kwa sababu jina halibadilishwi. Ndege iliondoka tarehe ishirini na saba na kiti kikiwa wazi. Watu humuuliza Rodah kama aliumia kwa zile pesa. Husema hapana, halafu huongeza kwamba anadanganya.

Kipkurui sasa anafanya kazi kwenye kituo cha kupoesha maziwa karibu na Sotik, na huja nyumbani jioni. Chai bado wanaichuma pamoja siku za Jumamosi, kila mmoja na mstari wake. Ilikuwa Jumamosi mojawapo, mwezi wa pili, walipokuwa wamechuma karibu saa nzima bila neno, Rodah alipouliza, bila kuinua kichwa:

"Siku ile walipokurudisha. Walikupitisha wapi?"

Kipkurui alishtuka kidogo. "Chicago. Halafu Addis."

"Ulingoja Addis saa ngapi?"

"Mbili tu."

"Saa mbili," Rodah alisema. Alichuma majani matatu, manne. "Hiyo njia nzuri sana. Mimi sijawahi kuipata na saa mbili. Walilipa ngapi?"

"Sijui, Mama. Serikali yao ililipa. Mimi sikutoa hata senti."

Mikono ya Rodah ilisimama. Alimtazama mwanawe juu ya michai kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa bei asiyoweza kuiamini.

"Ya bure," alisema.

Kipkurui hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mama yake alitikisa kichwa, akairekebisha kamba ya kikapu kwenye paji la uso, akaingia mstari unaofuata, na alipokuwa hatua kumi mbele aliita bila kugeuka kwamba aharakishe, gari la kupima chai halimngoji mtu.